Ukiingia hanga, tafuta kiti kwanza

Haya niliyaongea mbele ya vijana wa klabu ya wapenda ndege na wazazi wao kabla hawajaenda ziara, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nimetoa vikohozi tu na pale maiki ilipokata.

Wazee wangu mliokaa mbele shikamooni, walimu, wazazi, na nyie vijana wa nyuma mnaochati mambo vipi. Mwenyekiti kaniomba niongee kuhusu kutembelea makumbusho ya ndege za kivita na kaniambia kabisa usituletee tarehe tupu, sasa tarehe zitakuwepo jamani, historia bila tarehe ni umbea, ila nitajitahidi zisiwachoshe.

Wengi wetu tukiingia kwenye hanga la makumbusho tunafanya hivi: shingo juu, mdomo wazi, simu mkononi. Ndege nyingine zimening'inizwa kwenye dari, nyingine zimejipanga chini pua kwa pua, unapiga selfi na ile iliyochorwa meno ya papa, unapiga na ile yenye pangaboi nne, unazunguka mpaka miguu inauma, unatoka. Ukiulizwa umeona nini, aisee ndege nyingi! Hiyo ni sawa na mtu aende maktaba apige picha migongo ya vitabu halafu arudi nyumbani.

Mi ushauri wangu ni mmoja na ndio hotuba yenyewe, mkishausikia anayetaka kulala alale. Ukifika mbele ya ndege yoyote ya vita usianze na mabawa, usianze na spidi wala mabomu, tafuta kiti. Mtu alikaa wapi humu? Ukishajua alikaa wapi utajikuta unauliza alivaa nini, alipumuaje, angetokaje moto ukiwaka, fundi gani alifunga ile skrubu nyuma ya mgongo wake, nani alikatazwa asikae pale, na huko chini alikokuwa anatazama kulikuwa na nani. Maswali yanakuja yenyewe, wewe tafuta kiti tu.

Tuanze na B-17, ndege ya mabomu ya Marekani ya vita vya pili vya dunia. Ipo moja maarufu, Memphis Belle, imewekwa kwenye makumbusho ya taifa ya jeshi la anga la Marekani karibu na mji wa Dayton, jimbo la Ohio, na pale kuingia ni bure. Watu wote wanapiga picha yule binti aliyechorwa puani. Sawa, ni mzuri, sikatai. Ila wewe piga magoti uangalie chini ya tumbo la ndege, kuna tufe la chuma na kioo, kipenyo chake mita moja na kidogo hivi. Humo ndani alikaa mtu. Alikunja magoti yakaja karibu na kifua, mgongo umelala kwenye duara la chuma, rashasha mbili kushoto na kulia kwake, anatazama shabaha katikati ya miguu yake, na tufe lote linazunguka naye likiwa linaning'inia angani. Nafasi ilikuwa finyu kiasi kwamba wengi wao parashuti waliiacha juu ndani ya ndege, kwahiyo ndege ikianza kuanguka kwanza utoke kwenye tufe, afu utafute parashuti yako, afu uivae, ndio uruke. Na huko juu baridi ilikuwa inashuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi, ndege haijafungwa hewa kama hizi za abiria za leo, yale madirisha ya ubavuni yako wazi kabisa upepo unaingia, na ukipita mita 3,000 hivi lazima uwe na mpira wa oksijeni usoni la sivyo unaanza kuchanganyikiwa na mwenyewe hujui kama unachanganyikiwa. Sasa simama pale chini yake uhesabu pumzi zako ukiwa umekunja magoti. Mimi dakika moja tu ilinitosha nikanyoosha mgongo, na nilikuwa sakafuni, hakuna mtu ananipiga risasi.

Na kwa kuwa tumeitaja Memphis Belle niweke sawa jambo moja, maana linarudiwa sana. Watu wanasema ndiyo B-17 ya kwanza kumaliza safari 25 za vita kutoka Uingereza. Kuna nyingine, Hell's Angels, iliitangulia kwa siku chache mwezi Mei 1943. Belle ndiyo iliyorudishwa nyumbani ikazungushwa Marekani nzima kuhamasisha watu waunge mkono vita na kuchangisha, kwahiyo jina likabaki kwake. Na baada ya sifa zote hizo ikaja kusimamishwa nje miaka na miaka kwenye mji wa Memphis, mvua yake jua lake, watu wanang'oa vipande wanaenda kuweka nyumbani kama kumbukumbu. Ilifika Dayton 2005 na ikaoneshwa rasmi tarehe 17 Mei 2018, yani miaka 75 kamili tangu wale jamaa wamalize safari yao ya 25. Kwahiyo ukiiona inang'aa jua kuna mafundi hapo waliumia migongo miaka kumi na kitu. Nitarudi kwa mafundi.

Twende Uingereza, Hendon, kaskazini mwa London, makumbusho ya RAF, yani jeshi la anga la Uingereza. Pale pia hakuna kiingilio. Kuna ndege ya mabomu ya Lancaster yenye namba R5868, wenyewe wanaiita S for Sugar. Ubavuni karibu na pua kumechorwa vibomu vidogo vidogo mistari kwa mistari, kila kimoja safari moja, inahesabiwa ilienda safari 137. Na chini ya hivyo vibomu kuna maneno ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, yale aliyojigamba kwamba hakuna ndege ya adui itakayoruka juu ya ardhi ya Ujerumani. Wamemwandikia kwenye ndege ya adui yenyewe. Kejeli ya vijana wa miaka ishirini na kitu hiyo.

Tafuta viti. Lancaster ilikuwa na watu saba. Ndani kuna mhimili mkubwa wa bawa unakatiza katikati ya ndege kama ukuta mfupi, ukitaka kwenda mbele au nyuma lazima uupande uuruke, na hiyo ni gizani ukiwa umevaa manguo mazito na mabuti. Yule wa mkiani alikaa peke yake nyuma kabisa, amefungiwa kwenye kibanda cha kioo na rashasha zake nne, haoni mwenzake hata mmoja, sauti zao anazisikia kwenye vipokezi vya masikioni tu. Tena baadhi yao walikitoa kabisa kile kipande cha kioo cha mbele yao, maana doa dogo kwenye kioo usiku unaweza kudhani ni ndege ya adui, au ndege ya adui ukadhani ni doa. Walichagua kuganda kwa baridi ili waone.

Sasa hapa ndio nataka mnisikilize vizuri. Safari 137! Mtu akisoma anasema kumbe Lancaster ilikuwa ngumu eh. Hapana. Zilitengenezwa Lancaster zaidi ya 7,000, zaidi ya 3,000 zilipotea vitani, na leo duniani kote zilizobaki nzima hazifiki 20. Upande wa watu, kikosi cha mabomu cha RAF kilikuwa na warukaji kama 125,000 na waliokufa ni 55,573. Karibu nusu. Unayoiona Hendon ni ile iliyorudi. Zile zisizorudi hazina hanga.

Kuna mwanahisabati mmoja, Abraham Wald, wakati wa vita alikuwa New York kwenye kikundi cha watakwimu waliokuwa wanasaidia jeshi. Swali lilikuwa, ndege zinarudi na matundu ya risasi, tuongeze chuma cha kinga wapi? Mtu wa kawaida atasema pale penye matundu mengi. Wald akafikiria kinyume, kwamba hizi tunazozihesabu ni zilizorudi, kwahiyo pale zilipotobolewa ni pale ambapo ndege inaweza kutobolewa na bado ikafika nyumbani, hofu yako iweke pale ambapo huoni matundu maana zilizopigwa pale hazikurudi uzihesabu. Sasa chukua akili hiyo hiyo uingie nayo makumbusho. Kila ndege iliyosimama pale inang'aa ni ushahidi wa upande mmoja.

Ndio maana makumbusho ninayoyaheshimu ni yale yanayothubutu kuweka mabaki. Hapo hapo Hendon kuna Halifax, ndege nyingine ya mabomu ya Waingereza, namba W1048, hiyo hawakuipaka rangi wala kuinyoosha. Aprili 1942 ilienda kuishambulia meli ya kivita ya Wajerumani, Tirpitz, iliyokuwa imejificha kwenye ghuba za Norway, ikapigwa, rubani akaishusha kwa tumbo juu ya ziwa lililoganda barafu. Baadaye barafu ikaachia, ndege ikazama. Ikalala chini ya maji mpaka 1973 wapiga mbizi walipoitoa. Leo ipo kwenye mwanga hafifu, bati limeliwa, mifupa iko nje, pua imebomoka, watoto wanapita haraka wanaenda kwenye ndege nzuri. Wewe simama. Halafu soma kibao: watu wote waliokuwemo walipona. Wengi wao walitembea kwenye theluji mpaka Sweden.

Sasa iwekeni hiyo kando ya hii nyingine. Dayton kuna vipande vya ndege inaitwa Lady Be Good, B-24, ndege ya mabomu ya Marekani. Tarehe 4 Aprili 1943 iliondoka kambi ya Soluch karibu na Benghazi, Libya, kwenda kupiga bandari ya Naples, Italia. Watu tisa, na ilikuwa safari yao ya kwanza ya vita. Wakarudi usiku, wamechelewa, wako peke yao, wakaipita kambi bila kuiona wakaendelea kusini juu ya jangwa kama saa mbili nzima wakidhani bado wako baharini, mafuta yakaanza kuisha, wakaruka na parashuti. Parashuti ya mmoja haikufunguka vizuri. Wanane wakakutana jangwani, wakaanza kutembea kwenda kaskazini kurudi kambini, hawajui kwamba ni mamia ya kilomita. Rubani msaidizi, Robert Toner, alikuwa anaandika shajara, kaandika walikuwa na nusu chupa ya maji, kila mtu kizibo kimoja kwa siku. Walienda hivyo zaidi ya wiki. Hakupona hata mmoja.

Na ndege je? Ndege ilijishusha yenyewe. Haina mtu ndani, ikateleza kwenye mchanga ikavunjika kiunoni ikatulia. Watafuta mafuta waliiona kutoka angani 1958, mwaka uliofuata watu wakaifikia kwa ardhi, wakakuta rashasha bado zinapiga, redio inafanya kazi, maji na chakula vimo, na hata kinywaji kwenye chupa yake ya kutunza joto kinanyweka. Kama wangejua ndege ilipo wangerudi kwake.

Kwahiyo moja imeoza na watu wake walipona, nyingine ilikutwa karibu nzima na watu wake walikufa kwa kiu. Ndio nasema bati peke yake halikwambii kitu, muulize aliyekaa.

(Hapa mzee mmoja wa mbele aliniuliza ilikuwaje waipite kambi wakati walikuwa na redio. Nikamjibu, mzee wangu, kile chombo cha kutafuta mwelekeo wakati ule kilikuwa kinakupa mstari, hakikwambii uko upande gani wa mstari. Kituo kikikupima uko mbele yake au umeshakipita, namba inaweza kuwa ile ile. Inavyoaminika ndicho kilichotokea.)

Haya, mafundi. Ukiikaribia ndege yoyote, angalia ngozi yake kwa pembeni, usiitazame uso kwa uso, simama ubavuni taa ikimulika utaona mabonde na viraka. Kiraka kinajulikana, ribiti zake zimekaa kwa mpangilio tofauti na jirani zake, wakati mwingine kona zake zimekatwa duara ili bati lisipasuke kuanzia pale. Kila kiraka kuna mtu alikesha nje kwenye baridi na tochi ndege itoke tena alfajiri. Majina ya marubani mtayakuta yameandikwa chini ya dirisha, jina la fundi mkuu mara nyingine lipo kwa herufi ndogo, zidisheni macho. Na msisahau maandishi ya chapa yaliyotapakaa mwilini mwa ndege, usikanyage hapa, jaza oili hapa, vuta kumuokoa rubani. Mimi huwa nayasoma yote kama mjinga, maana hayo hayakuandikwa kwa ajili ya watalii, yaliandikwa kwa kijana aliyechoka asije akafungua mfuniko usio wake.

Ile ndege ya Waingereza, de Havilland Mosquito, ndio ya mafundi hasa. Ya mbao, jamani! Prototaipu yake, W4050, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 1940, bado ipo, ipo kwenye makumbusho ya de Havilland pale pale ilipotengenezwa, nje kidogo ya London. Mwili wake ni plaiwudi ya mti wa birch, katikati wameweka balsa, ule mti mwepesi wa kutengenezea vindege vya kuchezea, halafu gundi. Waliutengeneza mwili vipande viwili, kushoto na kulia, wakafunga waya na mabomba ndani huku bado uko wazi, ndio wakaunganisha. Waliofanya kazi hiyo wengi walikuwa maseremala wa viwanda vya fanicha. Gundi ya mwanzo ilitokana na maziwa, na walipozipeleka ndege hizo kwenye joto na unyevu wa Asia ile gundi ikaanza kuachia, ikabidi wahamie gundi ya kemikali. Na ndani humo viti viwili vimebanana, rubani kushoto, mwongoza njia kulia amerudi nyuma kidogo, mabega yanapishana kwa sababu hawatoshi wakikaa sawasawa.

SR-71 mtaiuliza tu, ile nyeusi ya ujasusi, sitaisemea sana maana kila mtu anaisemea. Ilipita mara tatu ya kasi ya sauti, ilikuwa inavuja mafuta ikiwa chini kwa sababu matangi yake yanabana ikishapata joto huko juu, na sehemu ya titani ya kuijengea Wamarekani waliinunua kwa kuzungukazunguka kutoka Sovieti, nchi ile ile waliyotaka kuichungulia. Basi.

Sasa kuna viti ambavyo watu walikatazwa. Muulizeni mwongozaji wenu kuhusu Eugene Bullard. Kijana mweusi wa Columbus, Georgia, alitoroka Marekani akiwa bado mdogo, akafika Ulaya, vita vya kwanza vilipoanza akaingia jeshi la Ufaransa, akapigana Verdun, akajeruhiwa, 1917 akawa rubani wa kivita wa Ufaransa. Marekani walipoingia vitani wakawa wanachukua marubani wao waliokuwa wanarukia Wafaransa. Yeye hawakumchukua, mnajua kwa nini. Alimaliza maisha New York akiendesha lifti kwenye jengo la Rockefeller, akafa 1961. Jeshi la anga la Marekani lilimpa cheo cha luteni mwaka 1994, miaka 33 baada ya kufa. Sanamu yake ipo kwenye makumbusho ya anga ya Robins, Georgia, jimbo alilolikimbia.

Na wale wa Tuskegee, marubani weusi walioanza mafunzo 1941 kwenye mji wa Tuskegee, Alabama, kwa sababu jeshi lilikuwa limewatenga, mtakuta wametengewa eneo Dayton. Na Warusi walikuwa na kikosi cha wanawake watupu, cha 588, marubani wanawake, mafundi wanawake, kilichoanzishwa na Marina Raskova, kinaruka usiku na Po-2, ndege ya mbao na kitambaa yenye viti viwili vya wazi, muundo wa miaka ya ishirini huko, polepole kiasi kwamba ndege za kisasa za Wajerumani zilipata tabu kuilenga. Wakikaribia walipunguza injini wakaja wanateleza kimya. Mpaka 1944 hawakuwa wanabeba parashuti. Ukiikuta Po-2 makumbusho yoyote utaidharau, inaonekana kama ya kunyunyizia dawa shambani, na kweli hiyo ilikuwa kazi yake mojawapo. Weka mkono karibu na kile kitambaa (usiguse!) afu fikiria risasi.

Nimefika kwenye sehemu ngumu. Huyo mtu kwenye kiti alikuwa anatazama chini. Chini kuna watu.

Bomu la kwanza kurushwa kutoka kwenye eropleni vitani lilirushwa Afrika, hili watu wetu wengi hawalijui. Tarehe 1 Novemba 1911, luteni wa Italia, Giulio Gavotti, aliruka juu ya Ain Zara na Tagiura karibu na Tripoli, Libya, akatupa kwa mkono mabomu manne madogo yenye uzito wa kilo moja na kitu kila moja. Ndege ilikuwa na umri wa miaka minane tu tangu wale ndugu wawili wa Marekani, akina Wright, waruke kwa mara ya kwanza! Makumbusho mengi yana ndege za enzi ile, zinapendeza kweli, mabawa kama ya njiwa, mbao na nyaya. Kibao kitakwambia injini ina nguvu za farasi ngapi. Aliyekuwa kwenye oasisi siku hiyo hana kibao.

Dayton kuna Bockscar, B-29 iliyodondosha bomu la atomiki Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Ile ndege ilipangiwa mji mwingine, Kokura, ikakuta pameziba haipati shabaha, ikageukia Nagasaki. Imesimama pale inang'aa, bati tupu bila rangi, na karibu yake kuna ganda la bomu la aina ile ile, la njano, linene. Watu wanapiga picha wanatabasamu, mi nilishawahi kuona familia nzima imejipanga mbele yake kama harusini. Siwalaumu, hakuna kitu pale kinachowaambia wasitabasamu. Waliokufa Nagasaki mpaka mwaka ule unaisha wanakadiriwa kufika 70,000 hivi. Sasa nenda Nagasaki, makumbusho yao ya bomu la atomiki, kuna saa ya ukutani iliyosimama saa 5 na dakika 2 asubuhi. Mnanielewa? Ni tukio moja, dakika ile ile, ila nusu yake iko Ohio na nusu nyingine iko Japani, na wageni wengi wataona nusu moja tu maisha yao yote.

Kuna watu walijaribu kuziunganisha. Makumbusho ya anga ya Smithsonian pale Washington walipanga onesho la mwaka 1995, miaka 50 ya mabomu, waweke Enola Gay, ndege ya Hiroshima, pamoja na vitu vya waliokufa chini na mjadala wa kama ilikuwa lazima. Wastaafu wa jeshi wakaja juu, wakasema mnawageuza wenzetu kuwa wahalifu na Wajapani kuwa wahanga, bunge likaingilia, Januari onesho likafutwa, Mei mkurugenzi Martin Harwit akajiuzulu, na lililofunguliwa Juni likawa la kipande cha mbele cha ndege na maelezo mafupi. Toka 2003 ndege nzima ipo kwenye hanga lao la pembeni ya uwanja wa Dulles. Mi nawaelewa wale wazee, mtu umekunja magoti kwenye tufe la kioo miaka yako ya ujana halafu leo kijana aliyesoma anakufundisha ulichofanya. Nawaelewa, ila kwa maoni yangu walikosea, maana hilo hanga lingewabeba wote.

Wajerumani Dresden wamejaribu vizuri zaidi. Makumbusho yao ya historia ya jeshi yalifunguliwa upya 2011, msanifu Daniel Libeskind akalikata jengo la zamani kwa kabari kubwa ya chuma na kioo inayoelekeza kule mabomu yaliyoupiga mji huo Februari 1945 yalikoanzia. Ukipanda juu kabisa unaukuta mji wenyewe nje, na ndani wameweka vitu vilivyotoka miji iliyopigwa mabomu, yakiwemo mawe ya barabarani. Vitu tu. Vya Wieluń, mji wa Poland ambao ndege za Ujerumani ziliupiga tarehe 1 Septemba 1939, vya Rotterdam, Uholanzi, na vya Dresden yenyewe. Hawakusema nani alianza kwa sauti kubwa.

Ya kawaida kidogo nimalize. Vaeni viatu vya kutembelea, sakafu za hanga ni saruji na inaua magoti. Msiguse, jasho la mkono lina chumvi na chumvi na alumini haviivi chungu kimoja. Msinune mkikatazwa kuingia chumba cha rubani, zile saa za zamani nyingi zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, ili zing'ae gizani, na radiamu bado iko kazini mpaka leo wala haijastaafu. Chagueni ndege chache mzitazame vizuri, mkitaka kuona zote hamtaona hata moja. Na wale wazee wanaojitolea wenye vizibao, wafuateni, wengine walizitengeneza hizo ndege kwa mikono yao, muulize swali la kiti tu, mzee kiti hiki ukikaa kwa masaa nane kinaumaje? Hatanyamaza.

Kwenye maswali dada mmoja akauliza, hizi ndege si bora zirushwe watu wazione hai kuliko kuzifungia ndani. Nikamwambia zinazorushwa zipo, kuna Lancaster mbili bado zinaruka, moja Uingereza moja Kanada, na Duxford, makumbusho ya ndege huko Uingereza, ukibahatika siku unakuta B-17 iko hewani na ile sauti ya injini nne inakuingia kifuani, sitadanganya, ni raha. Lakini Oktoba 2019 B-17 moja iliyokuwa inabeba wageni ilianguka Connecticut wakafa watu saba, na Novemba 2022 kwenye maonesho ya Dallas nyingine iligongana na ndege ndogo ya kivita angani, wakafa sita. Kwahiyo mi niko upande wa kuziacha chini, moja ikianguka hakuna kiwanda cha kukuletea nyingine, na watu ndio kabisa. Dada akasema basi na magari ya zamani yasiendeshwe. Nikamwambia gari likizima unashuka unasukuma. Ukumbi ukagawanyika, yule mzee wa mbele akawa upande wake, tukabishana mpaka mwenye ukumbi akaja kuzima feni.